Barua ya wazi: Mdogo wangu ndiye aliyeendesha pikipiki usiku ule askari alipouawa

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Katiba na Sheria,
Waheshimiwa Wabunge wa Mkoa wa Kigoma,
na wote mnaomshauri Mheshimiwa Rais kuhusu msamaha kwa wafungwa.

YAH: ADHABU YA LAZIMA YA KIFO KWA MTU AMBAYE HAKUFYATUA RISASI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kigoma mjini. Nafundisha Historia na Uraia. Ni dada wa mfungwa aliyehukumiwa kunyongwa hadi kufa kwa kosa la kumuua askari polisi. Naanza na hilo ili kila atakayesoma ajue tangu mwanzo nimekaa upande gani. Siombi aachiwe. Alifanya kosa kubwa, na aliyekufa hakuwa mtu wa kusikia kwenye redio tu. Alikuwa koplo, mteja wa mama yetu sokoni. Alikuwa akichagua migebuka mwenyewe, mmoja mmoja, akiinusa, na mama alikuwa akimtania kwamba afande anapekua hadi samaki. Wiki alipozikwa mama hakupanga meza. Hatukuwa na uso wa kwenda msibani.

Ninachowaandikia ni kitu kimoja. Siku mdogo wangu anahukumiwa, hakuna mtu aliyeuliza yeye ni nani na alifanya nini hasa. Jaji hakuwa na sababu ya kuuliza. Baada ya kutamka kwamba kosa la mauaji limethibitika, wakili wetu alisimama akasema hana la kuomba, kwa kuwa adhabu iliyopo ni moja tu. Jaji akaisoma. Ilichukua muda mfupi kuliko ninaotumia kuita majina ya darasa asubuhi.

Basi nitayasema mimi hapa, mazuri na mabaya, kwa sababu pale mahakamani hayakuwa na nafasi.

Tulizaliwa sita, yeye ni kitinda mimba. Baba alikuwa mvuvi wa dagaa. Wanaoijua kazi ile wanajua kwamba dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka vipe, yaani boti za wavuvi, hulala ufukweni. Watoto wengine waliimba mbalamwezi ikitoka. Kwetu ilikuwa na maana ya kula mara moja kwa siku. Baba alifariki kitinda mimba akiwa darasa la 5. Ada iliyopatikana nyumbani baada ya hapo ilitosha mtu mmoja, na mtu huyo nilikuwa mimi. Yeye aliacha shule akiwa kidato cha pili. Hakugomba wala hakulia. Alienda Kibirizi kubeba mizigo kwenye boti zinazokwenda Burundi na Congo, na jioni alimletea mama chochote alichopata.

Akiwa na miaka 16 alikamatwa na madumu ya petroli yaliyoibwa kwenye boti. Mwenye mali alikubali yaishie ofisi ya serikali ya mtaa, mama akauza cherehani yake kulipa. Tulisema ni utoto. Leo nikikumbuka naona tulifurahi mno kwamba yameisha, hatukumuuliza alikuwa akiwapelekea kina nani.

Miaka miwili baadaye akapata pikipiki ya mtu. Hesabu ilikuwa shilingi 7,000 kila siku, uwe umepata au hujapata, na siku ukilaza hesabu deni linapanda. Mvua za Kigoma mnazijua. Kuna wiki barabara za huku pembezoni hazipitiki, abiria wanatembea kwa miguu. Deni lilipofika mahali ambapo mwenye pikipiki alitishia kuichukua, walikuwapo watu waliomfahamu tangu Kibirizi, wakampa safari za usiku zinazolipa mara tatu. Aliwabeba mara mbili na mizigo yao. Mara ya tatu ndiyo hii.

Walipanda mshikaki, watu watatu kwenye pikipiki moja. Aliwashusha karibu na duka la wakala wa pesa za simu, akaambiwa asubiri njia panda bila kuzima injini. Askari wawili wa doria wakatokea. Mmoja wa abiria wake wawili akafyatua. Mdogo wangu alisikia mlio, na alikuwa peke yake, pikipiki inaunguruma, barabara nyeupe mbele yake. Angeweza kuondoka. Alisubiri, wakaja wakikimbia, akawapakia.

Kwa miaka mingi niliogopa kumuuliza kama aliiona bunduki. Mahakamani alisema hakuiona. Mwaka juzi nilimuuliza, tukiwa tumetenganishwa na nondo za dirisha la kuongelea na wafungwa. Alikaa kimya mpaka nikadhani muda wetu utaisha. Kisha akasema, "Dada, niliiona walipopanda. Ilikuwa ndani ya kiroba. Nilijua si jembe."

Nimeandika hilo kwa ruhusa yake. Ameniambia kama nitaandika barua, niandike yote.

Aliyefyatua alivuka ziwa usiku uleule kwa boti na hajaonekana hadi leo. Yule wa pili alikamatwa baada ya siku 4. Mdogo wangu alikutwa nyumbani kwa mama, amelala na viatu. Alikuwa na miaka 19. Akakaa mahabusu miaka 5, kwa maana kosa la mauaji halina dhamana. Kila baada ya siku 14 kesi ilitajwa, akaambiwa hatakiwi kujibu chochote kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kuisikiliza, na upelelezi haujakamilika. Mama alihudhuria kila tarehe akiwa na hotipoti ya ugali na dagaa wa mawese, mpaka miguu ikakataa. Hakuwahi kuisikia hukumu; tulimzika kabla. Mahakama Kuu ilipoketi, kesi nzima ilisikilizwa kwa siku chache. Rufaa ilichukua miaka 3 ikatupwa. Sasa ana miaka 32.

Wanasheria mnajua kilichomfikisha pale. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 23, inasema watu wakishirikiana nia moja kutenda jambo la uhalifu, na katika kulitenda likatokea kosa lingine ambalo mtu angeweza kulitarajia, basi kila mmoja wao ahesabiwe kuwa amelitenda. Sina ugomvi na kifungu hicho. Mtu anayewapeleka wenzake usiku wakiwa na bunduki kwenye kiroba hawezi kusema mauaji yalimshangaza. Ugomvi wangu unaanza pale kifungu cha 23 kinapokutana na cha 197, kile kilichosema anayetiwa hatiani kwa mauaji atahukumiwa kufa. Cha kwanza kinawaweka pamoja aliyefyatua, aliyepekua droo ya pesa na aliyesubiri njia panda. Cha pili kinamfunga Jaji mdomo asiweze kuwatenganisha tena.

Sheria hii tuliikuta. Kanuni ya Adhabu ilianza kutumika Tanganyika mwaka 1930, chini ya Mwingereza. Kwa hiyo nilikwenda kutafuta Mwingereza mwenyewe alifanya nini nayo kwake, na huko nikakutana na kijana mwingine wa miaka 19.

Jina lake lilikuwa Derek Bentley. Usiku wa tarehe 2 Novemba 1952 yeye na mwenzake Christopher Craig, mwenye miaka 16, walipanda juu ya paa la ghala huko Croydon, kusini mwa London, wakitaka kuiba. Polisi wakafika. Bentley alikamatwa na mpelelezi pale pale juu ya paa. Craig ndiye aliyekuwa na bastola, na dakika kadhaa baadaye, Bentley akiwa tayari mikononi mwa polisi, alimpiga risasi konstebo Sidney Miles akafa. Craig sheria ilimwona mdogo mno kunyongwa. Bentley, ambaye uwezo wake wa akili ulikuwa mdogo na kusoma kulimshinda, alihukumiwa kifo kwa nia ya pamoja. Baraza la wazee wa mahakama waliomtia hatiani waliomba ahurumiwe. Waziri wa Mambo ya Ndani akakataa. Alinyongwa tarehe 28 Januari 1953, hata miezi 3 haijatimia tangu askari yule auawe. Craig alitoka gerezani mwaka 1963 akaishi maisha ya kazi kama fundi bomba.

Bentley alikuwa na dada, Iris. Alipigania jina la kaka yake zaidi ya miaka 40. Mwaka 1993 Bentley alipewa msamaha kuhusu adhabu tu. Iris akafa Januari 1997. Julai 1998 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikafuta hatia yenyewe, ikieleza kwamba kesi haikuendeshwa kwa haki. Niliposoma hapo nilifunga daftari nikatoka nje ya ofisi ya walimu. Sikutaka wenzangu wanione.

Mdogo wangu si Bentley. Bentley alikuwa ameshakamatwa risasi ilipotoka. Wa kwangu alisubiri na kuwatorosha waliofanya. Siwafananishi wakose tofauti. Nawaonyesha tu kwamba wale waliotuletea adhabu hii waliona kwa macho yao inavyoweza kumkosa mwenye bunduki na kumpata aliyesimama karibu naye, na mwaka 1965 wakaacha kunyonga kwa kosa la mauaji. Sisi tukabaki nayo kana kwamba ni ya babu zetu.

Wala si Uingereza peke yake. Simameni hapa Kigoma muangalie majirani zetu. Burundi iliifuta adhabu ya kifo mwaka 2009. Zambia, kule ziwa linakoishia, iliifuta mwaka 2022. Rwanda, ambayo ilikuwa na sababu za kutaka kulipiza kisasi kuliko nchi yoyote ninayoifundisha darasani, iliifuta mwaka 2007. Najua Congo imerudi nyuma mwaka 2024 kwa kuondoa zuio la kunyonga. Wengine hawakuifuta, lakini walimfungua Jaji mdomo: Malawi mwaka 2007, Uganda mwaka 2009, Kenya mwaka 2017. Huko mahakama zilisema kifo kinaweza kubaki kwenye sheria, ila kisiwe cha lazima, na waliohukumiwa zamani wakapewa nafasi ya kurudi na kusikilizwa juu ya adhabu tu. Hicho ndicho ninachokiomba, wala hakizidi hapo.

Hata kwetu kimeshasemwa. Mwaka 1994 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikatengua mwaka uliofuata. Tarehe 28 Novemba 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko hapo Arusha, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake, iliona kwamba ulazima wa adhabu hiyo unavunja haki ya kuishi, ikaiagiza Tanzania iuondoe kwenye sheria ndani ya mwaka mmoja. Mwezi uleule nchi yetu ilitoa taarifa ya kujiondoa kwenye tamko linalowaruhusu wananchi kwenda moja kwa moja kwenye mahakama hiyo. Mwaka mmoja ule umepita, na mingine baada yake. Julai 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilimkabidhi Rais ripoti yake. Nami niliamini, pengine kwa haraka, kwamba safari hii zamu yetu imefika.

Mtaniambia hanyongwi mtu. Ni kweli kwamba tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna aliyenyongwa nchini, na mwaka 2017 hayati Rais Magufuli alisema hadharani kwamba hawezi kusaini. Nashukuru kwa kila mwaka ambao karatasi ile haikusainiwa. Lakini njooni Tabora mwone mtu anavyoishi akisubiri saini. Mimi hupanda treni mwisho wa mwezi kila ninapopata nauli, karibu kilomita 400, Uvinza tunanunua chumvi, Kaliua usingizi umekwisha, na nikifika naye ananiuliza habari za watu waliokufa siku nyingi, kwa sababu nilishawahi kumwambia na amesahau. Mwenye kifungo cha miaka 30 anahesabu. Mdogo wangu hana cha kuhesabu. Alianza kujifunza kushona nguo kwa kuangalia wenzake, akaacha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema fundi anajifunza ili siku moja afungue duka.

Sasa niwajibu mnaofikiri, kwa haki kabisa, juu ya askari wetu. Nani atavaa gwanda kama anayewaua hapati adhabu kali? Mkoa huu unawajua askari wake kuliko mikoa mingi. Kuna miaka mabasi ya Kasulu na Kibondo hayakutembea bila askari wenye silaha ndani, kwa sababu ya majambazi wa njiani, na abiria tulifika salama kwa sababu wao walikaa kiti cha mbele ambako risasi hufika kwanza. Julai 2015 askari waliuawa kituoni Stakishari, Dar es Salaam. Aprili 2017 wakauawa 8 kwa siku moja huko Kibiti. Sitaki mtu yeyote asome barua hii akadhani naona damu yao ni nyepesi.

Lakini fikirini njia panda ile. Mlio umesikika. Kijana wa miaka 19 yuko juu ya pikipiki, na sheria imeshamwambia kwamba kuanzia sekunde ile yeye na aliyefyatua ni mtu mmoja. Akiondoka na kuwaacha, kosa lake ni lilelile. Akiwapakia, ni lilelile. Akienda kituoni asubuhi na kusema boti imeelekea wapi, ni lilelile. Hakuna mlango hata mmoja ulioachwa wazi kwa yeye kugeuka, wala kwa faida ya polisi wenyewe. Mdogo wangu alijua jina la aliyefyatua, alijua na mahali boti ilipofichwa. Alikaa kimya miezi 7. Wenzake wa mahabusu walimwambia aseme asiseme kamba ni moja. Alipokuja kusema, yule mtu alikuwa na miezi 7 ya kupotea. Ningependa wakuu wa Jeshi la Polisi waisome aya hii mara mbili, maana waliopoteza ni wao.

Na yuko mwingine aliyepoteza. Mtoto wa kwanza wa marehemu aliletwa kidato cha kwanza shuleni kwetu. Nilipoona jina kwenye daftari la mahudhurio nilikwenda kwa mkuu wa shule nikaomba nihamishiwe mkondo mwingine. Mkuu akamwita mama wa mtoto. Alikuja amejifunga kitenge, akaketi, akanitazama muda mrefu bila kuniamkia, na mimi sikuthubutu kumwamkia. Halafu akamwambia mkuu: "Mwache amfundishe. Mtoto hana kesi na mtu."

Nimemfundisha binti yule miaka 4. Alifaulu Historia. Katika miaka hiyo mama yake nami tulizungumza mara tatu, hatukuzidi. Ndipo nikajua kwamba aliondolewa kwenye kota kabla mwaka haujaisha, na kwamba mafao ya mumewe aliyafuatilia ofisi moja hadi nyingine mpaka akachoka kulipa nauli. Waheshimiwa, mkishika kalamu kwa ajili ya mdogo wangu, shikeni nyingine kwa ajili ya wajane wa askari. Ni aibu kwamba nchi ina nguvu za kumhukumu dereva afe, ikakosa za kumlipa mjane kwa wakati.

Mara ya mwisho mimi na mjane yule tulipoonana nilimwambia kwamba naandika barua hii na itasema nini. Sikumwomba akubali. Alisema hajamsamehe mdogo wangu, na kwamba hataki kudanganya kwenye karatasi ya mtu mwingine. Alisema pia kunyongwa kwake hakutamwambia kitu asichokijua. Kisha akaniuliza kama barua itawafikia wakubwa kweli. Nikasema nitaipeleka nakala kwa mkono ofisi za wabunge, na jina langu litakuwa kwenye nakala hizo, ingawa hapa nimeliacha kwa ajili ya binti yake.

Akasema kama ni hivyo, niwaulizie na lake: yule aliyevuka ziwa, faili lake liko meza ya nani?

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu, na dada wa mfungwa
Kigoma